Simu janja au kishikwambi? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Moshi

Nafundisha kompyuta hapa Moshi mjini, na haipiti wiki bila mtu kunisimamisha akiwa na boksi mkononi au hela mfukoni. Wengine ni walimu, wengine wazazi, wengine vijana wanaopandisha wageni mlimani, na wapo wanaopiga simu kutoka Arusha. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Utaona nasisitiza mambo mawili kuliko mengine: kifaa kitashinda wapi siku nzima, na kikiharibika nani hapa mjini atakitengeneza. Mambo ya megapikseli na rangi yaje baadaye.

Nina hela ya kitu kimoja tu. Simu janja au kishikwambi?

Kama huna simu janja inayofanya kazi vizuri, nunua simu. Usihangaike zaidi ya hapo.

Maisha yetu yamefungwa kwenye laini. Hela iko kwenye namba, ujumbe wa benki unakuja kwenye namba, uniti za LUKU unanunua kwa namba hiyohiyo, na laini yenyewe umeisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kifaa kinachobeba laini hiyo kinatakiwa kikae mwilini mwako kuanzia asubuhi hadi usiku. Kishikwambi cha inchi 11 kina uzito unaokaribia nusu kilo. Hakiingii mfukoni, hukitoi ndani ya daladala ya Kiboriloni iliyojaa, na sokoni Mbuyuni hutakishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukichagua ndizi.

Mambo yanabadilika kama tayari una simu nzuri yenye miaka miwili mitatu mbele yake. Hapo simu ya pili haikuongezei kitu, ila kishikwambi kitakupa nafasi: ya kusoma, kuandika, na kuonyesha kitu mbele ya watu wawili watatu.

Lakini kishikwambi chenye sehemu ya laini si kinapiga simu pia?

Baadhi vinapiga, vingine havipigi, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho.

Mama mmoja wa Kibosho anayeuza parachichi alikuja na kishikwambi kizuri alicholetewa na mwanawe kutoka nje. Ameshaweka laini, bando linasoma, video zinafunguka bila kukwama. "Mwanangu," akaniambia, "hela yangu imo humu, naitoaje?" Nikatafuta mahali pa kupigia *150*00#, menyu ya M-Pesa. Hapakuwepo. Kifaa kile hakikuwekewa kabisa programu ya kupigia simu. Laini yake ilikuwa ya intaneti peke yake. Tukajaribu programu ya M-Pesa, ikataka namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa meseji, na meseji nayo hatukuiona popote. Laini ikarudi kwenye kitochi chake, kishikwambi kikabaki cha kutazamia picha za wajukuu. Hakikuwa kibovu. Kilinunuliwa kwa ajili ya nchi ambayo mtu halipi wala halipwi kwa kubonyeza nyota na reli.

iPad zote ziko hivyo: hata yenye sehemu ya laini haipigi simu za kawaida wala haifungui menyu za *150. Vishikwambi vya Android vinatofautiana. Vingi vya Samsung vyenye laini vinapiga, ila usimwamini mtu kwa maneno. Ukiwa bado dukani, weka laini yako mwenyewe, bonyeza *106# uone kama usajili wako unatokea, kisha jitumie meseji kutoka simu nyingine. Dakika mbili zinatosha.

WhatsApp haina shida kubwa. Laini ikibaki kwenye simu, kishikwambi unakiunganisha kama kifaa cha ziada. Akaunti moja inaruhusu hadi vifaa vinne vya ziada. Wenye iPad walikaa miaka mingi bila WhatsApp yao rasmi, ila tangu Mei 2025 ipo.

Nichukue cha Wi-Fi tu au cha laini?

Kwa matumizi ya nyumbani na darasani, cha Wi-Fi kinatosha na bei yake iko chini. Simu yako inawasha hotspot, kishikwambi kinakula bando lilelile. Uangalie tu kwamba programu nyingi zikiona kioo kikubwa zinaleta picha ya ubora wa juu, na bando linayeyuka. Kwenye YouTube weka 480p wewe mwenyewe. Kwenye kioo cha inchi 8 au 9 hutaona tofauti ya kukusikitisha.

Hapa niseme na vijana wa utalii wa Arusha na madereva wanaopeleka wageni Karatu na Serengeti: iPad ya Wi-Fi peke yake haina GPS. Mjini itakudanganya kwa sababu inakisia mahali ulipo kwa kutumia Wi-Fi za jirani. Ukishapita Monduli, alama ya ulipo inapotea au inaganda. iPad yenye sehemu ya laini ina GPS, hata usipoweka laini yoyote ndani. Simu karibu zote za Android zinayo, na GPS yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni ramani. Pakua ramani ya eneo zima usiku kabla ya safari, itakufaa hata pasipo na mtandao.

Mtoto wangu yuko sekondari. Kipi kitamsaidia kusoma?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa moyo wote, kwa sababu hapa ndipo kishikwambi kinapoishinda simu waziwazi.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba mtandao yao, na mitihani iliyopita ya NECTA inazunguka kwenye magrupu kila siku. Karibu vyote ni PDF za ukubwa wa karatasi ya A4. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kioo cha simu ya inchi 6.7 kina upana wa kama sentimita 7, yaani ukurasa unabanwa hadi theluthi moja. Herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inasomeka kama 4. Kishikwambi cha inchi 8.7 kina upana wa sentimita 11 na kidogo, zaidi kidogo ya nusu ya ukurasa. Cha inchi 11 kina karibu sentimita 15, na ile herufi ya 12 inakuwa kama 8, sawa na maandishi ya gazeti.

Chukua simu yako sasa hivi, fungua mtihani wa Fizikia wenye mchoro wa saketi. Utakuza ili usome swali, halafu usogeze ili uone mchoro, na ukifika kwenye mchoro swali limeshatoka nje ya kioo. Mtoto anafanya hivyo mara hamsini kwa jioni moja. Anachoka kabla hajachoshwa na Fizikia yenyewe, na wewe mzazi unadhani ni mvivu.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi, inchi 10 au 11 kama mfuko unaruhusu, na 8.7 kama hauruhusu. Mfano unaopatikana kirahisi ni Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7 na ndugu yake A9+ ya inchi 11, zote za mwaka 2023. Ya pili ina kioo cha nukta 1920 kwa 1200, maandishi yanatoka safi. Ya kwanza ni 1340 kwa 800, inasomeka, ila maandishi madogo yana ukungu kidogo. Kuna vishikwambi vya bei ya chini sana vyenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Kabla ya kulipa, fungua PDF moja ndefu uizungushe kurasa kumi haraka. Ikikwama dukani, nyumbani itakwama zaidi.

Shule nyingi, hasa za bweni, haziruhusu wanafunzi kuwa na simu wala vishikwambi. Hiki ni kifaa cha likizo na jioni za nyumbani, kwa hiyo kiwe cha familia, kikae sebuleni. Family Link ya Google itakusaidia kupanga saa za kutumia na kuzuia programu. Ikusaidie, isiwe badala yako.

Mimi ni mwalimu, nilipewa kishikwambi baada ya sensa. Bado kina kazi?

Kina kazi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vilikabidhiwa walimu baadaye kama vitendea kazi, na nimeona vingi vimelala kabatini kwa sababu "vimekuwa vizito". Mara nyingi uzito huo ni memori iliyojaa video za grupu. Hamisha unachotaka kubaki nacho, futa kingine, ondoa programu usizotumia. Kiwe cha kutunzia vitabu, maandalio ya somo na mitihani, na kisome bila mtandao.

Nisichokushauri ni kuweka humo programu ya benki kama hakijapata sasisho la usalama kwa muda mrefu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, utaona tarehe ya sasisho la mwisho.

Boksi limeandikwa RAM 8GB+8GB. Ina maana ni 16?

Hapana. RAM ya kweli ni ile namba ya kwanza. Ya pili imekopwa kutoka kwenye memori ya kuhifadhia mafaili, ambayo ni ya polepole zaidi kwa mbali. Inasaidia programu zisifungwe haraka nyuma, haifanyi simu iwe na mwendo wa 16. Tena wapo wauzaji wanaojumlisha kimyakimya: simu yenye 4+4 inatangazwa kwa herufi kubwa kuwa ni ya 8. Uliza hivi: "Ya kwake mwenyewe ni ngapi?" Kwa leo 4 ni ya kuvumilia, 6 ni nzuri, 8 inatosha mtu wa kawaida kwa miaka kadhaa.

64GB au 128GB?

128. Mfumo wenyewe na programu zinazokuja nazo vinakula sehemu nzuri ya 64 kabla hujapiga picha hata moja, na kinachobaki magrupu ya WhatsApp ya harusi, misiba na kikoba yatakimaliza. Kama kina nafasi ya memori kadi ni faida, hasa kwa kishikwambi cha vitabu. Ila kadi za bei ya kutupwa nyingi ni feki: zinajionyesha 256GB, ukishajaza kidogo mafaili ya mwanzo yanaharibika.

Kamera ya megapikseli 50 inapiga picha nzuri kuliko ya 12?

Si lazima. Simu nyingi za megapikseli 50 zinaunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5. Wanafanya hivyo kwa makusudi ili picha ya usiku isiwe na chenga. Kinacholeta ubora ni ukubwa wa kihisi, lenzi na programu inayochakata picha, na hivyo havijaandikwa kwa herufi kubwa nyuma ya boksi. Hizo kamera nyingine ndogo za megapikseli 2 zimewekwa ili idadi ionekane kubwa.

Jaribu hivi: ingia ndani ya duka penye giza, mpige picha muuzaji akiwa ameipa mgongo barabara. Uso ukionekana, kamera ni nzuri.

Kamera za vishikwambi ni za kupiga karatasi na kuongea kwa video. Nyingi hazina hata taa. Usinunue kishikwambi kwa ajili ya kipaimara cha mtoto.

Nasikia "masasisho". Yananihusu nini mimi?

Yanakuhusu kuliko kamera, na ni watu wachache sana wanaoniuliza kabla ya kununua.

Simu janja ina tarehe ya kuzeeka ambayo kiwanda kimeshaipanga. Hadi tarehe hiyo, mwenye kiwanda anakuletea marekebisho ya usalama na matoleo mapya ya Android au iOS. Baada ya hapo simu inaendelea kuwaka, inapiga, inapokea, ila matundu yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni hayazibwi tena. Baadaye programu zenyewe zinaanza kukukataa. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, na Mei mwaka huohuo ikaacha iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1. Watu walikuja wakidhani simu zimerogwa au zimeingia virusi.

Google ilianza kuahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024. Hizo ni simu za bei kubwa, lakini habari njema imeshuka hadi kwetu: Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024 iliahidiwa miaka 6. Kuna simu nyingi za bei inayokaribiana na hiyo zenye kamera zinazotangazwa kwa mbwembwe ambazo ahadi yake ni miaka miwili, na nyingine hazina ahadi iliyoandikwa popote.

Shika jambo hili: miaka inahesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni duniani, si tangu siku uliyoinunua wewe dukani Double Road. Simu iliyotoka 2022 kwa ahadi ya miaka minne, ukiinunua mpya kwenye boksi mwaka 2025, umenunua mwaka mmoja. Plastiki haijabanduliwa, harufu ya upya bado ipo, na imebakiza mwaka mmoja.

Kwa vishikwambi vya bei nafuu hali ni mbaya zaidi, maana watengenezaji wengi huvisahau mapema. Kama kitakuwa cha kusomea tu, kubali. Kama kitagusa hela, usikubali.

Betri ya 5,000 inatosha? Na umeme ukikatika?

Kwa simu, 5,000 mAh ni siku nzima ya matumizi ya kawaida. Kishikwambi cha inchi 11 kina kama 7,000, ila kioo chake ndicho mlaji mkubwa. Hesabu siku ya masomo, si siku mbili.

Watu wanaogopa kuwa kuchaji simu kunamaliza LUKU. Betri ya 5,000 mAh inabeba kama watt-saa 19. Ukiongeza kinachopotea kwa joto, weka 25. Uniti moja ni watt-saa 1,000, kwa hiyo inachaji simu kama mara 40. Dada wa kazi akichaji simu yake, mwacheni achaji.

Powerbank ya 20,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mara nne. Nguvu kiasi inapotea njiani, tarajia mara mbili na nusu hadi tatu, kama namba iliyoandikwa ni ya kweli. Ambayo ni nyepesi kama kiberiti na imeandikwa 50,000 iache hapohapo.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua, kwa hiyo subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena. Na usichaji simu ikiwa chini ya mto. Joto ndilo adui namba moja wa betri za lithiamu.

Napandisha wageni Kilimanjaro. Simu inazima ikiwa bado na asilimia 40. Ni mbovu?

Pengine si mbovu. Betri ya lithiamu ikipata baridi kali inashindwa kutoa nguvu haraka, simu inaona volti zimeshuka na kuzima ili kujilinda. Apple wenyewe wanasema iPhone na iPad zitumike kwenye nyuzi 0 hadi 35, na usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895, baridi inashuka chini ya sifuri.

Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Ikiwa imeganda usiichaji papo hapo. Kuchaji betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu moja kwa moja. Ipashe joto la mwili kwanza. Powerbank nayo ni betri, ilinde vilevile. Intaneti ya TTCL ilifikishwa Horombo, mita 3,720, mwezi Agosti 2022, na wageni wanataka kupiga video wakiwa huko. Wakumbushe mapema kwamba asilimia wanazoziona Marangu getini hazitakuwa na nguvu ileile juu. Kishikwambi kiacheni hotelini.

Vumbi la Arusha na mvua za masika je?

Tafuta alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 inavumilia vumbi kiasi na matone ya mvua. IP67 inazuia vumbi kabisa na inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. IP68 ni zaidi ya hapo, kama mtengenezaji atakavyoeleza. Majaribio yanafanywa kwa maji safi, kwa hiyo maji ya sabuni hayahesabiki, na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi haina tena uhakika huo.

Vishikwambi vingi vya kawaida havina kinga hiyo. Bwana shamba au mtafiti anayeshinda Monduli kwenye vumbi aangalie aina zilizotengenezwa kwa kazi za nje, kama Galaxy Tab Active5 ya 2024: ni IP68, ina kalamu, na betri unaitoa kwa mkono na kuweka nyingine. Bei yake inauma, lakini ni kifaa cha kazi.

Simu ikianza kukataa chaji hadi uikunje waya, usikimbilie kubadilisha sehemu ya chaji. Izime, chukua kijiti cha meno kikavu cha mbao, kwangua taratibu ndani ya tundu. Kitatoka kitu kama pamba ya kijivu: ni vumbi na nyuzi za mfukoni, vilivyoshindiliwa na waya kila siku. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Na jua? Nje sioni kitu kwenye kioo.

Vioo vya AMOLED vya simu za kati na kuendelea vinang'aa sana juani, na kizazi kipya kinapita niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo). Vishikwambi vingi vya LCD viko kwenye mamia ya chini. Toka nacho nje ya duka saa sita mchana kabla ya kulipa.

Used kutoka Dubai, au mpya ya bei ileile?

Used nzuri ya daraja la juu inaweza kuishinda mpya ya bei ya chini, kwa kamera, kioo na mwendo. Hilo ni kweli na sitakuficha. Lakini betri yake imeshatumika, miaka ya masasisho imeshaliwa, na huna waranti ya maana zaidi ya uso wa muuzaji. Ukiamua, fuata utaratibu huu bila kumwonea mtu haya.

Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) inayotokea ifanane na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio. Itume kwa meseji kwenda 15090. Mfumo wa TCRA utakujibu ni simu ya aina gani. Simu inayojiita Ultra halafu majibu yanasema aina nyingine, rudisha. Simu feki zilifungiwa nchini Juni 2016 na hilo halijabadilika.

Kisha mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya kama ya siku ya kwanza. Simu ya wizi au yenye akaunti ya mtu itadai barua pepe na nywila ya mwenyewe wa zamani, iwe iCloud au Google. Simu ya mkopo ambayo haijamaliziwa italeta ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni fulani. Muuzaji akikuambia "hiyo tutaitoa baadaye," mshukuru uondoke. Wapo vijana hapa wamenunua simu safi kabisa, baada ya mwezi ikajifunga kwa sababu mtu mwingine aliacha kulipa marejesho.

Mwisho angalia kioo: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute madoa na vivuli vya maandishi. Piga simu halisi, usikilize spika zote mbili. Kwa iPhone soma afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu zako. Dai risiti ya EFD yenye IMEI.

Simu zinazovushwa Namanga na Holili zinafanya kazi, ila waranti ya Kenya mara nyingi inaishia Kenya. Za kutoka Marekani hakikisha hazijafungwa kwenye mtandao mmoja, na uzijaribu kwa laini yako ukiangalia kama 4G inatokea, si tu kama inapiga.

5G nilipie zaidi?

Ilianza kibiashara Tanzania mwaka 2022, na imeendelea kusambaa mijini. Kama unakaa Uru au Machame na unachoombea ni 4G isiyokatika, hela hiyo iongeze kwenye memori na masasisho.

Kikipasuka kioo nifanyeje?

Kwa simu zinazouzwa sana, mafundi wa Moshi na Arusha wana vioo siku hiyohiyo. Muulize fundi swali moja: ni orijino au kopi? Kopi ya AMOLED mara nyingi ni LCD. Inawaka, ila rangi zimepauka, inakula betri, na alama ya kidole chini ya kioo inaweza isifanye kazi tena.

Kwa vishikwambi, pole mapema. Vipuri vyake ni vichache, na mara nyingi kioo kinaagizwa Dar es Salaam. Kabla ya kununua aina yoyote, pita kwa fundi wako, mtajie jina la kifaa, umuulize kioo chake kinapatikana kwa bei gani. Akikuna kichwa, umeshapata jibu. Kava gumu lenye kingo zilizoinuka linunue siku moja na kifaa, usingoje mshahara ujao.

Kishikwambi chenye kibodi kinaweza kuwa kompyuta yangu?

Kwa barua, ripoti fupi na hesabu za duka, ndiyo. Kwa Excel yenye karatasi nyingi, kwa mifumo ya kazi inayodai Windows, au kwa mwanafunzi wa MoCU (Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi) anayeandika utafiti wake, nunua laptop used iliyo nzima. Nimeona watu wakiongeza kibodi, kalamu na kava hadi jumla ikaipita bei ya laptop.

Nimeibiwa simu. Nianzie wapi?

Anza na hela. Tumia simu ya mtu mwingine kuwapigia huduma kwa wateja wa mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa, halafu benki. Ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple kupitia kifaa kingine, funga simu au ifute. Nenda polisi uchukue RB, kisha kwenye duka la mtandao wako ukiwa na RB, kitambulisho na IMEI, ili laini irudishwe na kifaa kifungiwe. Hapo ndipo watu wanakwama, kwa sababu IMEI ilikuwa ndani ya simu iliyoibiwa. Iandike leo kwenye daftari la nyumbani. Namba zitakazokutumia meseji za utapeli baadaye, ziripoti kwenda 15040.

Nataka kumpa mdogo wangu simu ya zamani. Naifutaje?

Kwanza hifadhi picha na majina ya watu, na uhamishe WhatsApp kwenda simu mpya. Ondoa akaunti za benki ndani ya programu zake. Halafu ingia kwenye mipangilio utoe akaunti yako ya Google, au uzime Find My kama ni iPhone, na hapo ndipo uifute yote. Ukianza kuifuta kupitia vibonyezo vya pembeni bila kutoa akaunti, itawaka ikidai nywila yako, na mdogo wako yuko Singida. Toa laini na memori kadi, ziangalie mara mbili, kisha mkabidhi pamoja na chaja yake.